Nna miaka 38 na watoto watatu, nnataka kusomea unesi. Nshachelewa?

MshonajiWete

Asalam alaykum jamani. Mie nipo Wete, Pemba, kazi yangu cherehani, nashona madera na sare za skuli. Sare zikishapita, na watu wa nguo za sikukuu wakishaondoka, hapo tena natizamana na mashine. Watoto watatu, mkubwa yupo fom tuu, mdogo ana miaka sita. Mume anavua.

Sasa hili jambo limenianza kwa mamangu. Ana sukari, mwaka juzi akapata kidonda cha mguu, kidogo tu, kama cha kukwaruzwa na kiatu, kikatuchukua miezi saba. Mwanzo tulikuwa twampeleka kituoni kila baada ya siku moja kufungwa, nesi mmoja pale akaona tunahangaika na nauli akanambia njoo nikufundishe ufunge mwenyewe nyumbani. Siku ya kwanza peke yangu niliivuta ile gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda, ikiwa kavu, imeshika kwenye nyama, mama hakusema neno ila alinikamata bega akanifinya mpaka kucha zikaingia. Kumbe gozi ikishika unailowesha kwanza na maji ya dripu ya chumvi, unasubiri, ikijilegeza yenyewe ndio unainyanyua taratibu kuanzia ukingoni. Tangu siku ile sikumuumiza tena. Kidonda kimefunga, mguu upo, anakwenda arusini. Na mie tokea hapo kila nikikaa na cherehani mawazo yapo kwengine, jirani akiumia naitwa mie, mtoto akiungua naitwa mie, na wallahi napenda.

Nilimaliza fom foo 2004. Cheti sijui kipo wapi, ila nakumbuka bayolojia nilipata, kemistri nadhani nilipata, dini nilipata B, fiziksi hatukuwa na mwalimu mwaka mzima kwa hiyo hiyo msiniulize. Hesabu sizipendi na zenyewe hazinipendi.

Mume kasema soma, lakini utamaliza lini. Mamkwe kasema unesi ni kazi ya kulala nje. Chuo kipo Unguja mie nipo huku. Kuna mtu humu kaanza ukubwani? Niambieni ukweli musinipake mafuta.

Pakacha

Umetaka ukweli. Hebu piga hesabu, japo umesema huzipendi. Fiziksi huna na unesi wanaitaka, kwa hiyo mtihani mwakani, una 39. Matokeo hutoka Januari, chuo uanze na 40. Diploma miaka mitatu, 43. Usajili na kusubiri ajira, weka 45, na ajira zenyewe matangazo yanakuwa na ukomo wa umri kwa hiyo uyasome vizuri kabla hujauza mashine yako. Kustaafu 60. Miaka kumi na tano kazini ukibahatika, na miaka saba ya kuhangaika kuifikia. Mie ningenunua cherehani ya pili ya kudarizi nikaajiri binti mmoja basi. Si kila anaependa kufunga kidonda awe nesi, mie napenda kupika na sina hoteli.

ZamuYaUsiku

Dada usimsikilize Pakacha, yaani msikilize kwenye hilo la ukomo wa umri tu maana hapo kasema kweli.

Mie ni mwanamme, nilianza chuo na miaka 34. Nilikuwa weita hoteli moja huku kaskazini miaka tisa, 2020 ndege zikasita tukarudishwa majumbani, nikauza samaki, nikaendesha bodaboda ya ami yangu, mwisho nikajiuliza mie hasa najua nini, nikaona najua kuhudumia watu wakiwa na hasira. Ndio nikaja kwenye unesi.

Kitu cha kwanza, wacha kutizama umri tizama cheti. Kitafute leo, pindua nyumba. Diploma ya Uuguzi na Ukunga wanataka paasi nne za fom foo, D kwenda juu, kwenye masomo YASIYOKUWA YA DINI, na ndani ya hizo nne lazima iwemo kemistri, bayolojia na fiziksi. Hesabu na Kiingereza ukiwa nazo zinakuongezea nguvu tu. Hapo kwenye dini ndipo wanapoangukia watu wetu wengi, mtu ana B yake ya dini kaihesabia miaka yote, anafika dirishani anaambiwa hii haimo. Kwa hiyo hiyo B yako iweke pembeni, ni ya akhera, kisha hesabu upya.

Mie nilikuwa sina kemistri. Unakaa tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, huna haja ya kurudia yote, mie nilikaa somo moja tu. Unajisajilia kwenye kituo cha mtihani na watakutaka namba yako ya mtihani ya zamani, ndio maana nakwambia cheti kwanza. Usajili hufunguliwa mwanzo wa mwaka, ukichelewa unalipa faini, mtihani Novemba. Chuo nikaomba kwa namba zote mbili, ya zamani na ya mpya.

Tuisheni nilikwenda jioni na watoto wa fom thrii. Siku ya kwanza nimeingia wote wakasimama, "shikamoo mwalimu". Nikawaambia kaeni, mwalimu hajafika, mie natafuta kiti. Ukiweza kuvuka siku ile, yaliobaki yanavukika.

Hesabu za unesi zisikutishe. Mfano, mgonjwa kaandikiwa lita moja ya dripu iishe kwa saa nane, mpira wenyewe umeandikwa matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20 unapata 20,000, saa nane ni dakika 480, gawa, inakuja 41 na kitu, unaweka matone 42 kwa dakika. Unasimama na saa yako unahesabu yanavyodondoka. Wewe unakata dera la mtu mwenye kiuno kimoja na bega jengine likamkaa, hii utashindwa vipi?

Kazi yenyewe sasa. Kanula, kile kijisindano cha kupitishia dripu, ya mwanzo nilimtia mzee mmoja mwembamba, mishipa unaiona kama kamba, nikasema hii rahisi. Kumbe ya wazee inateleza, ukigusa inakimbia. Nilikosa mara mbili, mkono unanitetema, mie mtu nilokuwa nabeba sahani nne kwa mkono mmoja. Yule mzee akanambia mwanangu vuta ngozi chini kwanza ndio uchome, hapa nimechomwa na wengi. Nikavuta ngozi, ikaingia. Nimefundishwa na mgonjwa.

Na ukunga utausoma, wote tunausoma, hata sie wanaume tunazalisha na tunaandikiwa kwenye logi buku, daftari la kazi tulizofanya. Unamuomba mama ruhusa, akikataa unatoka nje hamna ugomvi. Kichekesho ni kule wadini, kwenye wadi za hospitali, mie mwanafunzi naitwa daktari kwa sababu nna ndevu, na dada nesi aliekuwa ananisimamia, ana miaka kumi kazini, yeye anaitwa "we mtoto hebu njoo".

Pakacha

Sawa, ila hujasema nani alikulisha miaka mitatu.

ZamuYaUsiku

Mke wangu. Anauza maandazi na chapati Kwerekwe. Nilikuwa nakanda mie saa tisa usiku kisha naoga nakwenda chuo. Ndio nikasema naijua zamu ya usiku kabla hawajanipangia.

BiMkubwaWadini

Waalaykum salaam mwanangu MshonajiWete. Mie ni nesi mstaafu, miaka 33 nimefanya, Unguja na Pemba kote. Nimewapokea wanafunzi wadogo na nimewapokea watu wazima, ntakwambia nilivyoona.

Mtu mzima akija wadini ana kitu kimoja ambacho mtoto wa miaka ishirini hana, anajua kukaa na watu. Anajua bibi akisema mwili wanizizima na moyo wanienda mbio asicheke, amshike mkono ampime presha na sukari kwanza. Anajua kumtoa shangazi mwenye makelele mlangoni bila ya kumvunjia heshima. Hilo halifundishwi chuoni, na wagonjwa wetu nusu ya dawa yao ni hiyo.

Lakini kuna kitu kinawashinda. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mwanamke wa arubaini na kitu, hodari, mikono mizuri. Siku hiyo kaandika dawa imetolewa kabla hajaitoa, alitaka kuiwahi ripoti ya kukabidhiana zamu. Binti wa miaka 23, nesi aliesajiliwa, akamwambia mbele yetu, dada hivi hatufanyi, unaandika ukishatoa. Na alikuwa kasema kweli, maana yule mgonjwa angeweza kukosa dozi, au anaekuja zamu nyengine kutoelewa akampa mara mbili. Yule mama akaona katukanwa. Mtoto mdogo ananisomesha mie niliezaa wa umri wake! Hakurudi wiki ya pili. Nimesikitika mpaka leo kwa sababu angekuwa nesi mzuri. Kwa hiyo jiulize hilo kabla ya fiziksi. Utakuwa unaamrishwa na watoto, na mara nyingi watakuwa na haki.

La pili. Kidonda cha mamako umekifunga kwa sababu ni mamako. Wadini kuna mtu atakutukana na wewe bado unamgeuza ubavu kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na mgongo wako unalia. Kuna siku mupo wawili na wadi imejaa. Kuna mtoto atakufa mikononi mwako saa kumi alfajiri na saa moja unatakiwa uwe umeandika ripoti kwa mwandiko unaosomeka. Sikwambii ili uogope. Nakwambia nenda kwa huyo nesi aliekufundisha, muombe akuelekeze kwa daktari dhamana wa kituo, ukiruhusiwa ukae pale siku mbili tatu uone, si kidonda tu, uone na foleni ya asubuhi, na kuandika marejesta, na watu kuzozana.

Mamkwe wako kasema kweli, ni kazi ya kulala nje, zamu tatu, asubuhi, jioni na usiku, na Idi utakuwepo kazini. Usibishane nae. Mie mamkwe wangu alisema hivyo hivyo mpaka siku binti yake alipojifungua kwa tabu usiku na alienipokea mlangoni ni yeye, analia, "bora upo zamu". Tokea hapo akawa ananipikia daku.

Na Pakacha, kwa ruhusa yako. Huyo Florence Nightingale ambae wauguzi duniani wanasherehekea siku yake kila tarehe 12 Mei, kazaliwa 1820, na alipokwenda kusoma uuguzi Kaiserswerth Ujerumani ilikuwa 1851, ana miaka 31, baada ya familia yake kumkatalia miaka chungu nzima. Na kwao walikuwa na pesa, hakuwa na sare za skuli za kumaliza kabla ya Januari.

Pakacha

Bi mkubwa nimekubali, sina neno. Ila 31 si 38 🙂

BintiKojani

Mie sio nesi, ni mhudumu wa afya wa kujitolea kwenye mpango wa Jamii ni Afya, wale munaotuona tunapita majumbani na simu kuwatizama wajawazito na watoto wachanga. Dada kama unataka kujua kama kazi hii yako au sio yako bila kuhama, ulizia kwa sheha wa shehia yako nafasi zikitokea. Si unesi na haikupi cheti cha unesi, usije ukachanganya, lakini utajua kama unaweza kubisha hodi nyumba ya mtu anaekuchukia ukamwambia mtoto huyu ana homa siku tatu apelekwe kituoni leo. Mie nimeanza hivyo na mwakani nakaa bayolojia, nna miaka 29 na nilikuwa najiona mzee mpaka nilipoisoma hii.

Na jengine, kuna watu watakuja kukwambia kuna chuo binafsi hawaangalii fiziksi, unalipa tu unaingia. Mwenzangu mmoja aliingia kwenye chuo cha namna hiyo, siitaji jina, kalipa mwaka mzima, kumbe kozi haikusajiliwa, pesa zimekwenda na sare nyeupe anayo mpaka leo imetundikwa. Kabla hujalipa hata shilingi hakikisha kozi yenyewe ipo NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na uwaulize Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar kama wanaitambua, maana bila kusajiliwa na Baraza hutoruhusiwa kufanya kazi hata ukiwa umefaulu vipi.

MaskatiReturns

Soma dada, kisha tafuta Kiingereza na Kiarabu njoo Oman, mashangazi zetu wote huku wanazeeka.

BiMkubwaWadini

Aanze na mamaake wa Wete kwanza wewe.

ZamuYaUsiku

Nimesahau suala la Unguja. Chuo kile cha Mbweni ambacho siku hizi kipo chini ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ndio wengi tulipopita. Usipange chumba mjini kwa sababu una shangazi Michenzani, utachoka na daladala, na chuo unatakiwa ufike mapema na umetulia. Kiembesamaki au Chukwani ni karibu. Mwenzangu mmoja wa darasani alitokea Micheweni, mama wa wanne, watoto aliwaacha kwa mamaake akawa anarudi na boti likizo tu. Mwaka wa kwanza kila tukikaa kula alikuwa anatoa simu anamuuliza mkubwa wake wamekula nini. Alitupita wengi kwenye mitihani lakini yule mdogo wake alipomuona siku aliporudi mara ya kwanza alijificha nyuma ya bibi. Alitusimulia anacheka, na sisi tukacheka, halafu akanyamaza. Hilo panga na mumeo mapema, mambo ya ada yatafuata.

MshonajiWete

Jamani nimesoma yote, nimesoma mara mbili, na mume nimemsomea kwa sauti akiwa anashona nyavu. Hapo pa mtoto kujificha nyuma ya bibi alisita kushona.

Cheti nimekiona. Kilikuwa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vifungo na kadi za kliniki za watoto, kimekunjwa mara nne. Bayolojia C. Kemistri D, nilikuwa sina uhakika kumbe ipo. Kiswahili C, Kiingereza D. Dini B kama nilivyosema, nimeiweka pembeni kama nilivyoambiwa. Fiziksi F, hilo nilikuwa najua. Kwa hiyo ni somo moja tu. Nilikuwa nimebeba mzigo wa masomo matatu kichwani miaka yote hii kumbe ni moja.

Bi mkubwa suala lako la kuamrishwa na watoto nimelifikiri usiku. Ukweli sijui. Kwenye kushona akija binti akanambia dada dera umelikosea huwa namjibu vibaya kwanza halafu nalifumua akishaondoka. Kwa hiyo hapo nna kazi. Leo asubuhi nimekwenda kituoni kwa yule nesi, nimemwambia, akacheka akasema nilikuwa nakusubiri uniambie wewe. Daktari dhamana kakubali nije Jumatatu na Jumanne nikae, nisiguse mgonjwa, nitizame tu.

Mama nimemwambia pia. Kauliza mguu ukirudi nani ataufunga. Mdogo wangu kasema yeye, nikampa gozi na maji ya chumvi nikamwambia njoo nikuoneshe, akavuta kavu kwenye kigoti cha mwanangu alokwaruzika jana. Makelele yake mumeyasikia huko Unguja. Tumeanza upya.

Mkubwa wangu yupo fom tuu, fiziksi anaipenda, kasema atanisomesha jioni lakini anataka nimwite mwalimu. Tumeanza na msongamano, yaani densiti, jana usiku mezani, ananigombeza kuliko huyo binti wa miaka 23.

Sasa suala langu la mwisho kwa mwenye kujua. ZamuYaUsiku au mwengine, usajili wa mtahiniwa wa kujitegemea, kituo nitapata hapa hapa Wete au itabidi nende Chake Chake? Maana kama ni Chake nataka niunganishe na siku ya kununua vitambaa, nisilipe nauli ya daladala ya 606 mara mbili.